Mwaka Niliouliza Jina la Mama

Zuhura alinipigia simu asubuhi nikiwa nachambua mchele. Akasema mama yake amefariki alfajiri, maziko ni baada ya swala ya alasiri, huko huko Mzenga. Kisha akaongeza, "Ukiweza, mama mdogo, uje." Nilimpa pole, simu ikakatika, nikabaki na ungo mapajani nikilipima hilo neno "ukiweza". Mtu unayemtaka msibani humwambii ukiweza. Unamwambia njoo, au humwambii kitu kwa sababu unajua atakuja. Ndivyo nilivyo mimi, na sioni haya kusema. Miaka thelathini na saba ya uuguzi inamfundisha mtu kutoamini la kwanza analoambiwa. Mgonjwa anakuapia kwamba dawa kazimaliza, unainua mto unazikuta zimepangwa. Ndugu zake wanasema hajala kitu, unanusa pumzi yake unasikia kitunguu. Ukitoka kazini tabia hiyo haibaki kwenye kabati la sare, unarudi nayo nyumbani.

Marehemu ni Mwajuma, mhudumu wa wodi niliyefanya naye kazi miaka mingi hospitalini Kibaha. Mimi nilishika sindano, yeye alishika ndoo na shuka, na kama kuna mtu aliyejua nani atapona na nani hatapona kabla daktari hajafika kitandani, basi ni yeye. Aliniita Sista siku zote, ingawa alinizidi umri kwa miaka miwili. Kati yetu palikuwa na jambo ambalo halikuzungumzwa likaisha, na lilitokea ndani ya mwaka mmoja tu, mwaka wangu wa kwanza wa kustaafu. Nilipopanda gari Mlandizi kwenda kumzika nilikuwa na swali moja. Je, Mwajuma amekufa akinishuku?

Mwaka ule nilikuwa na sitini kamili na sikujua nifanye nini na asubuhi. Nyumba yangu ya Visiga ina sebule yenye madirisha mawili. Moja linaitazama barabara ya Morogoro kwa mbali, jingine linatazama jiko la jirani, na hilo la pili ndilo lililokuwa redio yangu. Nilianza kuandika kwa hasira. Niliugua malaria, majirani wakaja kunijulia hali, na mmoja akakaa kitandani pangu, akanishika mkono, akasema hata shemeji yake alianza hivi hivi, homa ndogo tu, siku ya nne wakamzika. Alipoondoka nilichukua kalamu nikaandika kurasa mbili za mambo ambayo mtu hapaswi kumwambia mgonjwa. Nikazipiga picha kwa simu, nikazituma kwenye gazeti moja la mwisho wa wiki. Wakazichapa. Mhariri akanipigia, akasema anataka zaidi, mambo ya maisha ya kila siku, yale tunayoyaishi. Akaniita mama yangu mara tatu katika simu moja. Mtu asiyekujua akikuita mama yangu mara tatu, shika pochi yako.

Hata hivyo nilimwandikia. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwandishi wa kujitegemea, jina kubwa kwa mwanamke anayeandika kwenye kaunta buku juu ya meza ya kulia chakula. Niliandika juu ya foleni za zahanati, juu ya mawifi, juu ya namna ya kumnyima mtu bila kumkasirisha. Niliandika juu ya watu wanaoazima vyombo wasirudishe, na wiki hiyo mama mmoja wa mtaani akaniletea ungo akisema samahani kwa kuchelewa. Ungo haukuwa wangu. Nikaupokea tu. Lakini baada ya hapo nikapita dukani, mazungumzo yakakatika. Na kupitia dirisha la pili nikasikia jirani akiwaambia wenzake jikoni kwake kwamba mbele ya Nesi wasiseme kitu, Jumapili watajisoma. Walicheka. Mimi sikucheka. Nilijiuliza wana nini cha kuficha, na usiku sikufikiria kingine. Leo nikikumbuka naona walikuwa na haki yao, maana masikio yangu kweli yalikuwa dirishani.

Katikati ya mwaka mhariri akataka makala kuhusu chakula cha mzazi, kile anachopikiwa mwanamke aliyejifungua katika siku arobaini zake za ndani. Nikamwambia ninaye mtu wa kumwuliza, rafiki yangu Mwajuma wa Mzenga, alikuwa mhudumu wodini kwetu na sasa amerudi shambani kwao, na binti yake amejifungua juzi juzi. Nilimwambia hayo kwenye simu, kwa kujionyesha, nionekane nina watu. Kikulacho ki nguoni mwako, na siku hiyo mdomo wangu ndio ulionila.

Nilikaa kwa Mwajuma siku sita. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba vinne na ukumbi katikati, sakafu ya saruji iliyosuguliwa mpaka ukaona kivuli chako, maana mtu aliyedeki wodi maisha yake yote hawezi kuacha sakafu ikapumua vumbi. Zuhura alikuwa chumba cha ndani upande wa kulia, pazia zito mlangoni, na humo mlitoka harufu ya ubani na maziwa ya mtoto. Mama mkwe wa Zuhura, Bi Chausiku, alikuja kumsaidia Mwajuma kulea mzazi, akajitwalia kigoda kando ya pazia akawa hatoki. Asubuhi mimi na Mwajuma tulikula muhogo wa kuchemsha na chai ya mkaa wa usiku, kama alivyoiita, yaani iliyolala jikoni. Mchana ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi. Mzazi alikuwa na vyake: uji wa mchele uliotiwa pilipili manga mpaka ukawa wa kijivu, supu ya kuku jike, na mchuzi mzito ambao Bi Chausiku aliuonja mwenyewe kwanza, akanitazama, ndipo akaupitisha ndani. Niliuona ule mtazamo. Nikajiambia huyu mama kuna kitu anatia mle chunguni na hataki nikijue.

Siku ya kwanza na ya pili nilizunguka na kaunta buku langu nikawahoji wanawake saba, kila mmoja ukurasa wake. Juu niliandika jina, chini yake umri, chini yake jina la mama yake, ndipo maelezo. Hakuna aliyenifundisha kuandika hivyo kwa ajili ya gazeti. Ulikuwa mkono wa wodi. Hospitalini kwetu ungeweza kuwa na akina Zuhura Juma watatu kwa siku moja, na ukitaka kuepuka kumchoma mmoja sindano ya mwenzake, unamwuliza jina la mama. Nimeuliza hivyo maelfu ya mara na hakuna aliyewahi kunikatalia, kwa hiyo sikuona kitu pale mama wa nne aliponitazama kidogo kabla ya kujibu. Wa sita aliniambia mama yake hakuwa na jina. Nikadhani ananitania, nikaacha nafasi wazi.

Siku ya tatu nikapita nyumba nne, zote zikawa hazina mtu, ingawa majiko yalikuwa yanatoa moshi. Siku ya nne, nikiwa nakoga bafuni uani, nikasikia wanawake wawili nyuma ya ua wa makuti wakiongea. Mmoja aliuliza, anayapeleka kwa nani? Mwenzake akasema hajui, lakini jina na jina la mama, hapo kuna nini tena? Nilisimama na kata mkononi, maji yananichuruzika, na sikuelewa hata kidogo. Nilichokielewa mimi ni kwamba wananificha. Nimeona wanawake wakiletwa hospitalini wamenyweshwa mizizi siku ya tatu ya uzazi, nimeona waliokandwa kwa maji ya moto mpaka ngozi ikatoka. Nikaunganisha ukimya wao na chungu cha Bi Chausiku, nikapata jibu langu mwenyewe. Wao wakawa wananichunguza mimi, mimi nawachunguza wao, na Mwajuma katikati anatuandalia chakula.

Siku ya tano asubuhi Zuhura akaamka na homa. Niliingia ndani bila kungoja kukaribishwa. Alikuwa anatetemeka, amemgeuzia mtoto mgongo, na nilipofunua kanga nikaona titi la kushoto limekuwa jekundu, gumu, linawaka. Jipu. Linatibika vizuri tu ukiliwahi, na ukichelewa linakuwa habari nyingine. Badala ya kusema hivyo, nikamgeukia Bi Chausiku nikamwuliza amempa nini. Akasema uji. Nikamwuliza tena, amempa nini kingine? Nikamwuliza mara ya tatu, kwa ile sauti ya wodini, mbele ya mgonjwa mwenyewe. Bi Chausiku akasimama mlangoni, akashika pazia kwa mikono miwili. "Huyu hatoki humu mpaka lile daftari lijulikane linakwenda kwa nani."

Nilitoka nje uani kwa hasira. Mwajuma akanifuata, akakaa chini, akanyoosha miguu kama alivyokuwa akifanya mwisho wa zamu. Hakunitazama.

"Sista, humo kwenye daftari umemwandika Zuhura?"

"Nimemwandika. Wa kwanza."

"Na mimi chini yake."

"Ndiyo, wewe si ndiye mama yake? Ndivyo tunavyoandika siku zote, wewe mwenyewe unajua."

"Hospitali ndiyo. Huku, mtu anayeuliza jina na jina la mama ni mmoja tu. Ni yule anayetaka kukutazamia nyota."

Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto. Anayepiga ramli, awe anakutakia heri au shari, haanzi kazi bila vitu hivyo viwili. Jina la baba hana haja nalo, kwa sababu baba ni wa kusemwa, mama ndiye wa hakika. Na mimi nilikuwa nimeingia kijijini mgeni, Mkristo, nesi, nimekusanya majina saba na mama zao, nikayafungia kwenye kitabu ninacholala nacho chini ya mto, na siku ya tano wa kwanza kwenye orodha kashikwa homa. Nilimwuliza kama na yeye anaamini. Akasema yeye anataka mwanawe apelekwe kituo cha afya, mengine baadaye. Sikulipenda jibu lile, na nilibaki nalo miaka sita.

Niliuona ujinga, nikataka kusema ni ujinga, lakini jipu halingoji hoja. Nikasema basi lichomeni hilo daftari. Wanawake waliokuwa wamekwisha kujaa uani wakapiga kelele: jina likiungua, mwenyewe ataungua homa. Nikasema lizikwe. Kuzika jina la mtu aliye hai ni kumtakia nini? Mtu akataja shimo la choo, hakuachwa amalize. Mwishowe Mwajuma ndiye aliyekata shauri, kwamba kila mwenye jina arudishiwe jina lake mkononi. Nikachana kurasa zangu za siku mbili, kazi yangu yote, nikazunguka nyumba kwa nyumba. Mmoja alifunga ukurasa wake kwenye pindo la kanga. Mwingine alipitisha kidole juu ya mistari ingawa hajui kusoma, akahakikisha imo yote. Wa tatu alinitaka nimpe na ukurasa wa chini yake, kwa sababu kalamu yangu ilikandamiza na alama zilionekana. Nikampa. Bi Chausiku alipokea wake, akautazama, akasema kwa utulivu kwamba hata hivyo lile alilonipa si jina la mama yake. Kisha akaachia pazia.

Zuhura alipasuliwa jipu mchana huo huo, akapewa dawa, wiki ya pili akawa ananyonyesha. Mle chunguni hamkuwa na kitu. Ulikuwa uji, supu na pilipili manga. Nilimshuku Bi Chausiku bure kama alivyonishuku bure, sikumwomba radhi wala yeye hakuniomba.

Hapo pangeisha salama kama ningekaa na kalamu yangu kimya. Lakini nilirudi Visiga nikaandika makala yote kwa kichwa, na ilikuwa nzuri, nasema bila haya, nzuri kuliko zote nilizoandika kabla. Sikutaja jina hata moja. Katikati niliweka sentensi kuhusu binti mmoja aliyeugua titi na namna wanawake wa nyumba ile walivyokesha naye. Mhariri akanipigia akasema bila majina msomaji ataamini vipi. Nikamkatalia. Akasema sawa, mama yangu. Jumapili nikafungua gazeti, na pale juu kabisa nikakuta maneno ambayo sikuyaandika: anasimulia Bi Mwajuma, mhudumu wa afya mstaafu, mkazi wa Mzenga. Mhariri alikuwa ameyatoa kwenye ile simu aliponiagiza makala. Na kwa kuwa mama alikuwa na jina, binti naye akawa na jina, na titi la Zuhura likasomwa na watu wasiomjua. Kabla ya adhuhuri picha ya ukurasa ilikuwa inazunguka kwenye WhatsApp, na saa nane mtu alikuwa ameshawasomea Mzenga nzima. Niliona aibu mpaka nikafunga lile dirisha linalotazama jiko la jirani.

Nilimpigia mhariri nikamwambia yote niliyokuwa nayo kifuani, akaahidi kurekebisha, na sikumwandikia tena. Kwa Mwajuma nilipiga mara tatu ndipo akapokea. Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haina neno, Sista." Mimi naijua "haina neno". Nimeisikia kwa wanawake wenye uchungu wa saa kumi na mbili. Nilitakiwa nipande gari siku ile ile niende nikae naye chini. Sikwenda. Nilijiambia nikienda watasema nimefuata majina mengine. Kweli yenyewe ni kwamba niliogopa kumtazama usoni nikaona ameungana nao. Tukawa watu wa kutumiana ujumbe, yeye Krismasi, mimi Idi, heri na fanaka, mpaka simu ya Zuhura ilipokuja.

Nimeendelea kuandika, magazeti mengine, na watu wananiuliza kwa nini kwenye makala zangu hakuna mtu mwenye jina. Huwa nasema ni mtindo.

Nilifika Mzenga saa tisa. Wanawake walikuwa wamejaa ukumbini na uani, nikavua viatu nikatafuta pa kukaa, na aliyenisogezea mkeka ni Bi Chausiku, sehemu ndogo karibu na mlango. Nilihesabu hilo dhidi yangu. Zuhura nilimwona kwa mbali, macho yamevimba, binti yake wa miaka sita amelala mapajani mwake. Nilimpa mkono, akaushika, nikasogea kuipisha foleni ya watu nyuma yangu. Wanaume wakabeba jeneza wakaenda. Sisi tukabaki na uradi, zile dua za kurudiarudia, na joto, na mimi nikabaki nikiwatazama wanawake wale mmoja mmoja, nikijiuliza ni yupi bado ana ukurasa wake.

Baada ya muda akarudi mzee mmoja kutoka makaburini, anatembea haraka, akasimama nje ya mlango akapiga hodi. Mwalimu wa madrasa ametaka jina la mama wa marehemu, alisema, maana wanataka kumsomea talkini, yale maneno ya mwisho ambayo maiti huitwa kwa jina lake na la mama yake. Sikuwa najua kwamba jina hilo lina kazi hiyo pia. Mama mmoja mzee akajibu upesi, si Bi Tatu? Mwingine akamkatiza, Bi Tatu alimlea tu, aliyemzaa ni mwingine, alimwacha akiwa mchanga, na jina lake halikuwahi kutajwa humu. Wakaanza kubishana kwa sauti ndogo. Mzee mlangoni akasema kaburi liko wazi, jamani.

Zuhura akainua kichwa. "Mama alishasema. Alisema siku ya kumzika mkikwama mwulizeni Sista, ni yeye peke yake aliyemwambia. Na mimi sikujua kama atakuja."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Nililia hapo hapo, mbele yao wote, kwa sauti, jambo ambalo sijalifanya tangu nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi. Bi Chausiku akaninyooshea ncha ya kanga yake nifute uso. "Haya Nesi," akasema, "tuambie."

Ilikuwa kweli. Kabla Zuhura hajazaliwa, Mwajuma alilazwa wodini kwetu na mimi ndiye niliyejaza faili lake. Nilipomwuliza jina la mama alinivuta kwa mkono wa gauni, akanitajia sikioni, akasema lakini humo mwandike Bi Tatu, asije akaumia. Nikamwandika Bi Tatu. Jina lile jingine halijawahi kuandikwa na mtu.

Nikaenda mlangoni. Yule mzee akatoa kalamu mfukoni mwa kanzu, akafungua kiganja, akaniomba nimwandikie asije akalisahau njiani. Nikamwambia hapana. Nikamwinamia sikioni nikamtajia, kisha nikamtaka alirudie mara tatu mbele yangu. Akalirudia mara tatu, bila kukosea, nikamwacha aende.